Daftari la Tatu

Maili saba zilitutenga na Ardith,
maili saba za majani, na upepo usiojua pa kukaa.
Wao walikuwa na hoteli ya ghorofa mbili;
ghorofa ya pili ilikuwa ukuta wa mbao tu
na madirisha ya kuchorwa.
Sisi wa Bramwell tulikuwa na korti:
chumba juu ya duka la matandiko ya farasi,
na humo baba yangu, Orrin Peckham, karani wa kaunti,
madaftari matatu, mhuri mmoja,
na kasha la chuma lililovunja ngazi siku ya kupandishwa.

Mkisikia watu wakigombea makao ya kaunti
msidhani walitaka kukaa.
Walitaka bei ya viwanja.
Penye korti pana wakili, penye wakili pana hoteli,
na penye hoteli reli itaona haya kupita bila kusimama.
Ndivyo alivyohubiri Bwana Lusk, akihesabu kwa vidole,
kimoja kikiwa kimekatwa na msumeno,
kwa hiyo hesabu zake zilipunguka daima.
Fahali wawili hawakai zizi moja, wanasema;
sisi zizi lenyewe hatukuwa nalo.

Aprili ya themanini na saba
kaunti ya watu mia tisa ilitoa kura elfu mbili na ushei.
Baghala wa Lusk alipiga kura kwa jina la Josiah.
Ardith walikwenda makaburini na kalamu;
sisi hatukufika mbali hivyo,
sisi tulirudia foleni tu.
Na mama, asiye na haki hata ya nusu kura,
aliwapikia maharage wapiga kura wote.
Marehemu, nashukuru, hawakula.

Tulishindwa kwa kura kumi na tisa. Baba akakataa kutoa funguo.

Wakaja usiku wa Jumanne,
magari matatu, kwato zimefungwa magunia.
Nilisikia ngazi ikilia, kisha kimya,
maana mama alikuwa amekaa juu ya kasha
na shali yake, na taa, na soksi anayoifuma.
Wa mbele alikuwa Wendell Strake.
Februari iliyopita, ardhi ikiwa jiwe,
Wendell huyu aliwasha moto siku mbili mchana na usiku
juu ya futi tatu za udongo wetu
mpaka jembe likaingia,
tukamzika Eben.

Mama akasema: "Chukueni la ardhi, chukueni la kodi.
La tatu niachie."
La tatu lilikuwa la waliozaliwa na waliokufa.
Wendell akavua kofia.
Akaishika muda mrefu.
Kisha akaivaa, na wakachukua yote matatu.

Baada ya hapo, kila Februari,
mama alifunga farasi akaenda Ardith,
akasimama dirishani, akalipa senti hamsini
afunguliwe ukurasa.
Hakuwa akisema neno. Alisoma, akarudi.
Baba hakuuliza alikokwenda;
alimtilia shayiri farasi.

Reli ilipokuja ilipita kusini, mbali nasi sote.
Ardith wakaing'oa hoteli yao, na ukuta wake wa uongo,
wakaiviringisha juu ya magogo kuifuata;
Bramwell tuliuza misumari kwa ratili.
Korti ikahamia mji ambao mwaka ule wa kura
ulikuwa kisima na mbwa.

Mama hawezi tena kupanda gari. Nimekwenda mimi.
Karani ni kijana, ana kola safi.
"Mji gani?"
"Bramwell."
Akatazama ramani ukutani, akanitazama.
"Hapo pana ngano, mama."
"Tazama daftari," nikasema, "si ramani."

Mwandiko wa baba, umeinama kama mtu kwenye upepo:
Eben Peckham, siku kumi na moja.
Doa la wino pembeni, alipoituliza kalamu.

"Senti hamsini," akasema kijana.
Bei ile ile.
Hakuna kiwanja Bramwell
kilichowahi kushika bei namna hiyo.